Uzi wa Lastiki kwa Meli ya Mezani

Nyinyi wajukuu, na wengine wote mtakaosoma haya mkiwa mmelala chali na simu kifuani, kaeni kitako kwanza. Habari za uzi hazisomwi na mtu aliyelala. Mimi shule niliishia darasa la nne, nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu, lakini uzi naujua. Nimeshona sare za shule, nimeshona kanzu za watumikiaji wa altare, nimeshona magauni ya watoto yenye lastiki kifuani mpaka macho yakaniuma. Kwa hiyo nikisema uzi huu unafaa na ule haufai, msinibishie kwa sababu mmeona video.

Mzee wangu, yaani mume wangu, alikuwa mtu wa reli. Hakuwa dereva wala mkata tiketi. Yeye alikuwa fundi wa nyaya za simu, zile zilizokuwa zikienda sambamba na reli, nguzo kwa nguzo, kuelekea Kigoma na kuelekea Mwanza. Amezipanda nguzo hizo mpaka magoti yakaota sugu. Alipostaafu akarudi nyumbani, akakaa. Sasa mwanamume aliyezoea kuwa juu ya nguzo, ukimweka chini kwenye kiti anakuwa kero. Alirekebisha bawaba ambazo hazikuwa na ubovu. Akaihamisha kamba yangu ya kuanikia nguo, eti ilikuwa haijanyooka na ukuta. Akaanza kunifundisha kupika maharage. Hivyo alipoingia kwenye kazi ya kuchonga meli ndogo, nilimshukuru Mungu kimoyomoyo nikanyamaza.

Meli yenyewe ni mfano wa ile aliyoipanda ziwani Tanganyika alipokuwa kijana. Ameichonga kwa vipande vya mninga alivyoomba kwa maseremala, na urefu wake ni kama mkono wangu kuanzia kiwiko mpaka ncha za vidole. Ina madirisha, ina bomba la moshi, ina nanga, ina mashua mbili za kuokolea watu, kila moja ukubwa wa punje ya maharage. Ina milingoti miwili ya mwanzi. Kila mlingoti unashikiliwa na kamba huku na huku, na juu kabisa, kutoka mlingoti mmoja kwenda wa pili, umepita waya wa redio. Hizo kamba na huo waya ndivyo vilivyotaka kutuulia mtu.

Mwanzoni alizifunga kwa uzi wa cherehani. Alizifunga masika, zikakaza vizuri. Kiangazi kilipoingia, mbao zikakauka, hewa ikakauka, na kamba zote zikalegea zikaning'inia. Mzee akazikaza upya. Baada ya muda zikalegea tena. Mimi nilikuwa naona ni uzi tu. Sikujua kwamba mtani naye anaona.

Hapa lazima niwaeleze kuhusu mtani, maana nyinyi wa siku hizi mnadhani utani ni kutumiana vikatuni kwenye simu. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuwa wakitoka huku Unyanyembe na mizigo kichwani kwenda pwani na kukatiza katika nchi yao. Mtani ana haki ya kukutukana mbele za watu, na wewe huna haki ya kununa. Ukifa ndiyo haki yake inakuwa kubwa zaidi. Anakuja msibani, anaigiza ulivyokuwa ukitembea, anataja uchoyo wako, anaweza hata kulala mbele ya jeneza lisipite mpaka apewe kitu. Wafiwa wanalia huku wanacheka. Wala hakuna wa kumjibu, kwa sababu wa kumjibu yumo ndani ya sanduku.

Mtani wa mzee wangu ni Mzaramo, alikuwa dereva wa treni, akaoa hapa Tabora, akabaki hapa. Kila siku anakuja kunywa chai kwetu. Hapigi hodi kama watu wengine.

"Mbeba mizigo, upo?"

"Nipo, mwizi wa chumvi. Ingia, ila mikono uiache nje."

"Chumvi gani? Babu yako alipita kwetu amebeba pembe, akaomba maji, akaondoka na kata ya kunywea."

"Na babu yako akamfuata nyuma kutafuta hiyo kata mpaka leo. Si ndiyo maana uko hapa?"

Ndivyo wanavyoamkiana. Basi siku moja ya kiangazi akaingia, akaikuta meli mezani na kamba zake zimelegea. Akaenda jikoni kwangu, akachota dagaa kwenye bakuli, akarudi, akaanza kuwaanika mmoja mmoja kwenye kamba za meli. Akawapanga vizuri kabisa, vichwa upande mmoja.

"Shemeji," akaniita, "njoo uone. Mumeo kakutengenezea kichanja."

Mzee alijaribu kucheka, kama inavyotakiwa kwa mtani. Kicheko kikatoka kibaya. Mtani akaona amepata pa kushika.

"Mtani, nakuambia mapema usije ukasema hukuarifiwa," akasema. "Siku ukifa, meli hii nitaibeba mwenyewe mpaka makaburini. Nitaiinua juu watu wote waione. Nitawaambia: Jamani, marehemu alikula mshahara wa serikali kwa kazi ya kukaza nyaya. Tazameni nyaya zake."

Tangu siku hiyo mzee wangu hakuwa mtu. Chakula anachokonoa. Akiulizwa jambo anajibu la jana. Nikadhani ni homa, nikataka kumpeleka hospitali. Akaniambia, "Mama, mimi siogopi kufa. Naogopa kufa zikiwa zimelegea."

"Kamba?"

"Kamba."

Nikamtazama. Mwanamume huyu aliwahi kuanguka toka juu ya nguzo, akainuka, akapanda tena. Sasa amekondeshwa na kipande cha uzi. Nikaona nisipoingilia, atakufa kweli, halafu mtani apate alichokitaka. Nikamwambia uzi wa pamba uachwe. Kinachotakiwa ni uzi unaovutika wenyewe na kurudi wenyewe, yaani lastiki, na hiyo ni kazi yangu.

Nilianza na lastiki yangu ya magauni, iliyokuwa nyeupe, nikaipaka rangi ya viatu. Mzee akaiweka juu ya meli akatikisa kichwa.

"Mama, kamba ya meli yenyewe ilikuwa nene kama kidole gumba. Sasa tumeipunguza meli yote imekuwa ya kukaa mezani. Na kamba ukiipunguza kwa kiasi hicho hicho, inabaki unywele. Hii uliyoleta, kwenye meli ya kweli ingekuwa nene kama pipa. Abiria wangepita wapi?"

Mjukuu wetu wa kike, ambaye ni msusi na anakaa kwetu, akasikia neno unywele. Akaleta rasta, zile nywele za bandia za kusukia. "Bibi, hii haikatiki, hata ukimvuta mtu nayo." Kweli haikatiki, lakini haivutiki pia, inameta kama mafuta, na ukishaikunja mahali inabaki imejikunja. Tukajaribu mshipi wa kuvulia samaki. Huo una kiburi. Umezoea kuzungushwa kwenye kibao chake, na ukiufungua unaendelea kujizungusha, na fundo lake linajifungua mbele ya macho yako.

Nikaenda mjini, kwenye duka la vifaa vya kushonea. Lilikuwa na wanawake wengi, na mmoja wao ni wa jumuiya yetu ya kanisani. Kijana wa duka akaniamkia vizuri.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nataka uzi wa lastiki, mwembamba kuliko wote ulionao. Mweusi, usiong'aa."

"Wa kushonea nini, bibi?"

"Sishonei kitu. Ni kwa ajili ya mzee. Anataka ukivutwa urudi."

Kijana akapanda ngazi, akanishushia kibunda, akaniambia kwa sauti ya chini, kwa heshima kabisa, "Huu ndio wanaotungia shanga za kiunoni, bibi. Hata mabibi harusi wanauchukua."

Yule mwenzangu wa jumuiya akageuka akatazama vifungo ukutani kama anavihesabu.

"Ni wa meli," nikamwambia.

"Ndiyo, mama. Wa meli," akajibu, kama mtu anayemkubalia mgonjwa wa malaria.

Na uzi wenyewe haukufaa. Mnene, halafu unapitisha mwanga, unang'aa kama njia aliyopita konokono. Nikaurudisha. Nilichobaki nacho ni sifa mpya mtaani. Jumamosi iliyofuata wanawake wa jumuiya waliniamkia kwa tabasamu ambalo sikulielewa mpaka mjukuu akanieleza, nikataka kumpiga kwa mwiko.

Uzi wenyewe niliupata Isikizya. Nilikwenda kumjulia hali mdogo wangu, nikakuta ni siku ya gulio, nikapita kwenye mtumba. Kulikuwa na lundo la stokingi, zile soksi ndefu nyepesi za kike. Nikaokota moja nyeusi. Nikauvuta ule ukanda wa juu, nikaachia. Nikavuta tena. Nikang'ata ukingo, nikachomoa uzi mmoja, nikauinua kwenye jua.

"Bibi," muuzaji akaniambia, "hizo ni za mabinti wa ofisini."

"Nimekuuliza za nani? Nyeusi nyingine unazo?"

"Unazitaka za kuvaa?"

"Nataka za kufumua."

Akatafuta watu wa kumshuhudia, akakosa. Lakini ndani ya ule ukanda ndimo mlimokuwa na kitu chenyewe. Uzi mwembamba kweli kama unywele, mweusi usiometa, wa duara na si bapa, maana ulio bapa ukijipinda unaonekana mpana huku na mwembamba kule. Ukiuvuta unaongezeka. Ukiuachia unarudi mahali pake bila kelele, kama mtoto aliyelelewa. Nikaondoka na stokingi zote nyeusi, watu wakinipisha njia.

Sasa sikilizeni kosa la mzee. Miaka yote ya ndoa yetu alinichosha masikio na somo moja, kwamba waya wa simu haukazwi mpaka mwisho. Kukiwa na baridi unajifupisha, na kama hukuuachia tumbo kidogo la kuning'inia katikati, unakatika. Alilisema akila, alilisema akivua viatu. Lakini alipoupata uzi wa stokingi, kwa hofu ya mtani, akauvuta kila mmoja mpaka mwisho kabisa.

Nikamwambia, "Baba, na lile tumbo?"

"Hii si simu. Hii ni heshima yangu."

Akagundisha kwa ile gundi ya haraka inayogandisha vidole. Kamba zikanyooka kweli, zikawa ukizigusa zinalia. Milingoti ikaanza kuinamiana taratibu kama wakwe wanaosalimiana. Akasema ndiyo mtindo wake.

Wiki hiyo jumuiya ilikuwa zamu ya nyumba yetu. Meli haikuhamishwa, kwa sababu mzee alikataa isiguswe. Tukasali tukiizunguka. Baada ya sala nikagawa uji wa karanga, katekista wetu akapewa kikombe chake, akakaa karibu na meza. Yeye ni mtu mpole, hujaona. Basi gundi ikachoka. Kamba moja ikaachia, ikafyatuka kama manati, ikaipiga jirani yake, nayo ikaachia, zikafuatana hivyo upande mzima. Mlingoti ukasimama ghafla. Bomba la moshi likaruka likakaa kwenye kilemba cha mwenyekiti wa jumuiya. Bendera hatujaiona mpaka leo. Watu wakainama wote. Katekista peke yake hakuinama, kwa kuwa alikuwa amefumba macho anakunywa uji.

Akafumbua macho. Akashika koo.

"Mama," akaniuliza, "uji huu una maharage?"

Mzee wangu alikuwa ameshapiga magoti, anatafuta sakafuni. Akainua kichwa.

"Samahani, katekista. Umemeza ya kushoto au ya kulia?"

"Ya kushoto nini?"

"Mashua ya kuokolea watu."

Katekista akaweka kikombe chini. Kisha akauliza kama ina ncha. Mzee akamhakikishia kwamba ameipiga msasa pande zote. Mwenyekiti, bomba la moshi likiwa bado kilembani, akatuomba tusali Salamu Maria moja kwa nia ya katekista, na tukaisali, na mimi nikamkanyaga mjukuu mguu kwa sababu mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mashua haikudaiwa. Mzee alichonga nyingine.

Baada ya aibu hiyo kazi ya kuvuta uzi niliichukua mimi. Nawaandikia jinsi inavyofanywa, pengine mmoja wenu atakuja kuhitaji. Unagundisha ncha moja kwanza, unaiacha ishike kabisa, usiwe na papara. Halafu unavuta kidogo tu. Uzi wa urefu wa kiganja uwe kiganja na kucha, basi, usizidishe. Unagundisha ncha ya pili kwa tone dogo lililochovywa na sindano. Mikono iwe imenawa, isiwe na mafuta. Asiwepo mtu wa kupiga chafya. Waya wa redio peke yake sikuuvuta hata kidogo, nikauacha ujibebe, ukapata lile tumbo dogo la kweli. Mzee alipouona huo akatoka nje. Aliporudi akala ugali akaomba kuongezewa.

Ilipendeza meli ile, siwafichi. Ukisimama mbele huoni kitu. Ukienda ubavuni kwenye mwanga wa dirisha, kamba zote zinatokea, nyeusi, nyembamba, zimenyooka kama zimechorwa. Masika yalikuja yakaenda, hazikulegea. Mzee akavaa shati la Jumapili siku ya kawaida, akamtuma mjukuu amwite mtani.

"Mbeba mizigo, umekufa? Nimeitwa kwa haraka."

"Sijafa. Njoo utazame, mwizi wa chumvi. Halafu utubu."

Mtani akaja mezani. Akatazama. Akarudi nyuma, akasogea tena. Akazunguka meza.

"Mbona umezitoa?"

"Nimezitoa nini?"

"Kamba. Nilisema umezilegeza. Sasa umeona bora uzitoe kabisa? Meli iko uchi!"

Mzee akadhani ni utani. Akacheka. Mtani hakucheka. Akainama, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia mlingoti, na kamba zikamgusa shavuni. Akaruka nyuma akijifuta.

"Shemeji, na wewe! Nyumba hii haifagiliwi? Meli imejaa utando wa buibui!"

Kabla sijafungua mdomo, akavua kofia yake, na kwa roho nzuri kabisa akaanza kuupangusa huo utando. Akapangusa toka mbele mpaka nyuma. Mzee wangu akatoa sauti ambayo sijaisikia hata siku ile alipoanguka nguzoni. Kamba zikalala zote chini ya kofia. Kofia ilipopita, zikainuka zote, kila moja ikarudi mahali pake. Hakuna iliyokatika. Hakuna iliyochomoka. Mtani akapangusa tena kwa nguvu zaidi. Zikarudi.

"Buibui wa Tabora wabishi," akasema, akavaa kofia yake. "Basi, mtani, msibani nitasema yote. Aliacha meli haina hata kamba moja, imebaki kukaliwa na buibui, na mkewe yupo."

Akamaliza chai yake. Alipokuwa akiaga alimpa mkono mzee wangu, kisha akalipa mkono koti lililotundikwa nyuma ya mlango, akaliambia tutaonana kesho. Hapo ndipo nilipomfuata uani nikamgeuza uso kwenye jua. Mboni zake zilikuwa nyeupe kama maji yaliyooshewa mchele.

"Mtani, wewe huoni."

"Naona vizuri sana. Nyumba yenu ndiyo ina giza."

"Hospitali umekwenda?"

"Wamesema mtoto wa jicho, watoe. Mimi mtu aninyooshee kisu machoni, nani kakuambia? Nitabaki hivi hivi, makaburini nitashikwa mkono."

Niliporudi ndani nikamkuta mzee amefungua kopo langu la kushonea, ameshika ile lastiki ya magauni niliyoipaka rangi ya viatu.

"Mama, kesho tubadilishe. Tuweke hii."

"Yenye unene wa pipa?"

"Ataiona."

"Na meli je? Abiria watapita wapi?"

"Meli haitasimama kunisema mbele ya watu. Yeye ndiye atakayesimama."

Na akakohoa, bila sababu yoyote, kama mtu anayejaribu jinsi kufa kutakavyokuwa. Mjukuu akacheka, kisha akaona uso wangu akaacha. Nikalichukua lile kopo nikalifungia kabatini, ufunguo nikautia kifuani. Nikawasimamisha wote wawili mbele ya meza, mzee na mjukuu, nikawaambia hivi:

"Uzi wa stokingi haubadilishwi. Kesho asubuhi mtani anapelekwa kutolewa mtoto wa jicho, akikataa abebwe, babu zenu walibeba vizito kuliko yeye. Na mpaka afunguliwe bandeji, aje hapa, azione kamba kwa macho yake mawili, ni marufuku mtu yeyote kufa katika nyumba hii."